Hesabu ya Majina

Kabla uji haujatoa povu
nakupa kazi ya kwanza, Kabugho:
vitafutie viatu wenzi wao.
Kandambili ya bluu inamlilia pacha wake.
Gambuti ya baba yako imelala kifudifudi;
iamshe, iweke kushoto.
Siyo huko. Huko ndiko unakoshikia kijiko.
Naam.

Mwalimu Ithungu alipopita hapa
aliniuliza, mtoto anasoma nini nyumbani?
Nikaona haya. Ukuta wetu una kalenda iliyochakaa tu,
na juu ya kalenda ng'ombe wa kampuni ya maziwa.
Akacheka: basi anza na huyo ng'ombe.
Tumia vilivyopo.

Tukaanza na huyo ng'ombe.
Ana miguu mingapi? Mitatu, ukasema.
Nikafungua kinywa nikukosoe, nikatazama tena:
wa nne umemezwa na nyasi.
Wewe ulihesabu ulichokiona,
mimi nilihesabu nilichozoea.

Tangu siku hiyo, jua likishuka mlimani kutufikia Kilembe,
tunatandika mkeka, tunamwaga kahawa.
Nzima huku, zilizovunjika kule,
na ile moja iliyotobolewa na mdudu
unaichungulia kama dirisha,
kisha unaitia mfukoni, kimya, kama mwizi.

Unga wa muhogo ukimwagika, sikugombezi hapo hapo.
Kwanza uchore K:
mtu amesimama wima,
mkono mmoja unasalimia, mguu mmoja unapiga teke.
K ni kahawa. K ni kuku. K ni kikohozi cha babu,
umeongeza mwenyewe, na babu akakohoa kuthibitisha.
Halafu fagia.

Kando ya mto Nyamwamba tunasikiliza mawe.
Zito linasema dubwi, jepesi linasema chubwi.
Na jani, mama, linasemaje?
Jani halisemi. Linakwenda tu.

Jana ukaniletea hesabu yako mwenyewe.

Kwetu jina ni namba, tunazaliwa tumeshahesabiwa:
binti wa kwanza Masika,
wa pili Biira,
wa tatu Kabugho,
wa nne Mbambu, huyu anayenitemea mate mgongoni.
Ulipanga punje kizingitini.
"Huyu Masika, yuko shule. Huyu mimi. Huyu Mbambu.
Mama, Biira yuko wapi?"
Na baada ya punje ya kwanza
ulikuwa umeacha nafasi,
upana wa kidole chako.

Uji ukafurika, moto ukafoka.
Mwalimu alisema tumia vilivyopo.
Visivyokuwepo hakuvitaja.

Nikaketi vumbini kando yako.
Nikakwambia alikuwa na meno mawili,
kwamba jogoo alimwogopesha na mvua ilimchekesha,
kwamba alikaa nasi miezi kumi, kisha homa,
na barabara usiku ule ilikuwa tope tupu.
Sijawahi kuyasema kwa mpangilio.
Moja, kisha lingine, kisha lingine,
kama anayejifunza.

Ulinisikiliza kama unavyosikiliza jiwe
kabla halijagusa maji.
Ukatia mkono mfukoni.
Ukatoa ile yenye tundu la mdudu,
ukaipuliza vumbi,
ukaiweka kwenye nafasi yake.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Sikujua nikusifu au nilie,
kwa hiyo nikakoroga kilichobaki sufuriani.
Uji uliungua kidogo. Tuliunywa.

Baba yako akatokea mlangoni,
gambuti moja mguuni, mguu wa pili mtupu,
akiuliza nani tena kahamisha viatu vyake.
"Ya kushoto iko kushoto," ukamjibu
bila kuinua macho kwenye punje zako,
ukamwonyesha, kwa uhakika wote wa dunia,
upande wa kulia.