Kalamu Nyekundu

Nimeirudia ile gemu ya mfalme asiye na kivuli,
ile ya kwa Bawaziri, Ngamiani, barabara ya kumi na tatu,
mia mbili nusu saa, umeme ukikatika shauri yako.
Siku hizi nafundisha insha.
Kiingereza hakinikwami tena kooni kama mwiba wa changu.
Nikakaa na kalamu nyekundu, mazoea tu,
nikasoma kila kijisanduku cha maneno.

Jamani.
Mfalme anaongea kama tangazo la kukatiwa maji.
Mchawi anaeleza mpango wake wote, tena mara mbili,
kwa mtu aliyekuja kumuua.
Binti anasema "moyo wangu" mara thelathini na moja,
nimehesabu,
na moyo wenyewe hatuuoni ukifanya kazi.
Nane kati ya ishirini. Rudia.

Lakini hapa darajani nililia.
Nilisingizia vumbi, na Bawaziri alikuwa ametoka kumwagia maji sakafu.

Aliyekuwa akitusomea ni Mhina wa fundi cherehani.
Hela ya kucheza hana; hukaa mbele, magoti kifuani.
Kimshale kikimetameta chini ya maneno, anameza mate kwanza:
"Anasema, baba, ukivuka usigeuke,
maana nitakuwa bado napunga mkono,
na wewe nakujua, utarudi."

Kwenye kioo, nimeangalia, pameandikwa:
"Kwaheri. Chukua upanga huu."

Nimempigia. Yuko Pongwe, anapima malori ya saruji.
"Daraja lipi?" Kelele za injini.
"Mimi nakumbuka nikirefusha maneno
Bawaziri alikuwa ananikatia andazi."

Sasa nimpe nani maksi?
Yule aliyeandika vibaya, akaacha daraja refu,
hatua arubaini, mvua tupu, hakuna anayesema kitu?
Au mtoto mwenye njaa aliyeingia humo na maneno yake?

Kuna mlinzi wa lango, hana hata jina.
Kila ukipita, mwanzo wa gemu hadi mwisho,
ukiwa fukara, ukiwa shujaa, anakwambia lilelile:
"Huku kwetu haijanyesha."
Huyo Mhina alitusomea alivyo, bila kumwongezea kitu.
Tukasema endelea.
"Aa, huyu mwacheni," akasema, "huyu kashamaliza."

Nimeweka vema. Moja,
pale pale alipoiweka yeye, darasa la tano, bila kalamu.