Vizibo Sabini

Barua ya wizara imebandikwa getini kwa uji wa muhogo,
muhuri wake wa buluu umeshaanza kulowa.
Fungueni, inasema, lakini watu sabini tu,
wafanyakazi wakiwemo.
Sabini! Siku ya Krismasi, zamani,
hao walikuwa foleni ya choo.

Wepukhulu anatunza hesabu kwa vizibo vya soda:
mtu akiingia, kizibo kinahamia kopo la kulia,
akitoka, kinarudi la kushoto.
Kalamu humchenga, vizibo havijawahi.
Anapima joto kwa kile kibunduki cheupe
na watoto, bila kuambiwa,
wananyoosha mikono juu.

Mimi ni wa gurudumu.
Miezi yote ile ya kufungiwa
nilikuja kila Jumatano na mkebe wa grisi,
nikaliwasha, nikalizungusha tupu mara tatu
mbele ya Wanale na maporomoko yake,
maana chuma kisichozungushwa hujifunza kulala
na kukiamsha ni ghali.
Mlima ulitazama. Haukulipa kiingilio.

Leo, vikapu kumi na viwili, vinne ndivyo vya watu.
Familia moja, kikapu kimoja.
Nani atamwambia waziri
kwamba gurudumu halijui amri, linajua uzani?
Nandudu na wanawe watatu wameketi upande huu,
upande wa pili ni hewa;
likiachwa hivyo litashuka kwa kishindo
kisha ligome kupanda.
Basi nimejaza magunia mchanga wa mto Manafwa,
nikayaketisha, nikayafunga mikanda.
Gunia zima, mtu wa makamo.
Gunia nusu, mtoto wa darasa la tatu.

"Yule ni nani," kitinda mimba wa Nandudu akauliza,
"mbona hana barakoa?"
Nikacheka. Kisha sikucheka,
kwa kuwa gunia la kikapu cha saba
lilikuwa limeinamisha kichwa upande
kama Mutonyi wa tiketi alivyokuwa akisinzia,
Mutonyi aliyezikwa na watu ishirini, kama ilivyoamriwa,
na mimi wa ishirini na moja,
nje ya ua wa miyaa,
nikiyafuata majembe kwa masikio.

Saa kumi. Kopo la kushoto tupu.
Getini amesimama msichana
katika gauni la kanisani linaloishia juu ya magoti:
lilishonwa kabla ya ugonjwa, mwili haukungoja.
Ameshika noti ya elfu mbili iliyokunjwa mara nne.
Wepukhulu ananitazama kwa mbali,
anainua kopo, analitikisa.
Kimya.

Nikapiga hesabu. Nami ni kizibo.
Nikitoka mimi, anaingia yeye,
lakini ataingia kwenye gurudumu lililosimama.
Nikibaki, linazunguka,
naye analitazama kupitia matundu ya seng'enge
kama watu wanaoangalia harusi ya jirani.

Barua haikutaja mchanga.
Niliisoma tena kichwani, mstari kwa mstari,
haikutaja mchanga.
Nikakifungua kikapu cha tisa,
nikalishusha gunia nusu, nikaliegemeza kwenye nguzo,
nikampungia mkono.
Wepukhulu akageuka kuifunga vizuri barakoa yake
ambayo haikuwa imelegea.

"Keti kama gunia," nikamwambia.
Akaketi kama gunia, mpaka kikapu kilipopita matawi,
hapo gunia likapiga kelele:
ameiona shule yao!
madirisha yamefungwa kwa mbao,
na mbuzi wawili wamelala barazani kwa mwalimu mkuu!
Mzunguko wa pili, mbuzi watatu.
Wa tatu hakusema kitu.

Kafyu haijui kubembelezwa.
Saa kumi na moja na nusu vizibo vyote
vilikuwa vimerudi kopo la kushoto, sabini kamili,
Wepukhulu akivihesabu mara mbili bila kuniangalia.
Nikazima injini.
Gunia nusu bado liliegemea nguzo,
likivuja taratibu pembeni ya kiatu changu,
na sikuwa na haraka ya kulirudisha.