Mke wa Mpika Haluwa

Mume wangu Famau apika haluwa Langoni,
sufuria yake ya shaba pana kama kitanda cha mtoto,
na mimi, nyuma ya ukuta huo huo, nakata karela.
Mtaa mzima watucheka.
Waacheni wacheke.

Karela haimenywi ikaisha.
Nakwangua manundu kwa kisu butu,
napasua ubavuni, natoa mbegu kwa kidole gumba,
kisha chumvi, ile ya mawe,
na ungo juani mpaka zianze kutoa machozi.
Hapo ndipo nakamua.

Maji yake ya kijani mama mkwe hakuyamwaga.
Aliwaogeshea watoto wenye upele,
na mtoto akifika wakati wa kuachishwa ziwa
alijipaka chuchuni, akangoja kilio.
Famau naye aliachishwa hivyo.
Hebu fikiri: mtoto akimbilia ziwa, akutane na karela.
Labda ndiyo sababu ya sukari yote hii,
miaka hamsini anatafuta lile ziwa.

Nazijaza kamba wadogo waliopondwa,
nazi, kitunguu, bizari, pilipili mbichi,
nazifunga kwa uzi mweupe wa kushonea kofia,
nazitia kwenye mchuzi wa ukwaju.
Mgeni mmoja kutoka Faza alimeza na uzi wake,
akanyamaza, akaomba nyingine.

Ile siku kipimo kilisoma ishirini na moja,
daktari alitoa vidonge, akasema: asionje tena.
Famau alicheka mpaka akakohoa.
"Kupika bila kuonja ni kusali bila udhu."
Basi ulimi wangu ukawa ulimi wake.
"Imeshika?" Bado.
"Hiliki?" Ongeza kidogo.
Nikanenepa mimi, akakonda yeye.

Na Bi Somoe wa ng'ambo ya kichochoro akaja na lake:
kikombe cha maji ya karela, alfajiri, tumbo tupu.
Hapa kwetu kila ua una mganga wake,
na mimi kukataa la jirani sijui.
Famau alikunywa amefumba macho,
kama mtu anayesikiliza habari asiyoitaka.

Alhamisi ile kulikuwa na oda ya harusi, ratili arobaini.
Alimeza vidonge. Alikunywa kikombe.
Mkate alisema atakula baadaye.
Saa nne nilimwona anatoka jasho,
nikadhani ni moto.
Akaniita kwa jina la dada yake, Mwanaesha,
aliyekufa mwaka wa mafuriko.
Mwiko ukamponyoka. Mikono yatetemeka
kama kuku aliyechinjwa hajajua.

Nami nilikimbilia nini?
Nilikimbilia kikombe cha kijani.
Wallahi nilikuwa nimeshamshika kidevu
alipoingia Swabra, mjukuu wa Bi Somoe, anayesomea uuguzi:
"Si hicho! Sukari imemshuka! Mpe kitamu!"

Kitamu. Nimesimama mbele ya ratili arobaini,
natafuta kitamu.

Nilichota kwa kidole, nikapuliza,
nikampaka ndani ya shavu kidogo kidogo
hivyo hivyo kama wanavyopakwa watoto wachanga tende,
kidole kikiungua, nikipuliza, nikirudia.
Sijui ilikuwa muda gani.
Haluwa iliungua chini, harufu ikafika msikitini.

Alifumbua macho, akamung'unya.
"Hiliki imezidi," akasema.

Siku hizi kidonge ni kidonge na karela ni kitoweo.
Kikombe nakiwekea maua ya asumini.
Bi Somoe hatujataja habari hiyo, mimi na yeye,
tunaazimana chumvi kama zamani.

Jana niliona karela moja niliyoisahau ukutani,
imeiva, imegeuka rangi ya chungwa, imejipasua yenyewe midomo mitatu,
na mbegu ndani nyekundu kama zimelambwa.
Mjukuu wangu Twalib alifyonza moja kabla sijamkataza.
Akasimama. Akafyonza ya pili.
"Nana," akasema, "mbona tamu?"

Nilimwambia ashushe sauti,
babu yake asije akasikia.