Kumi na Tatu, Sifuri

Kitendawili, naiandikia kompyuta.
Kishale kinapepesa: tega.

Nina nukta kumi na mbili,
kila moja na majirani watano, wasipungue;
kati yao pembetatu tupu,
wala mstari haukatizi mstari.

Jibu latoka kabla sijainua kidole: moja.
Hilo nalijua. Ni mpira wa mtoto wa Agnieszka
aliousahau chini ya meza ya pili,
mabaka meusi kumi na mawili, kila baka na watano wake.

Dundee, Januari, saa tisa za usiku.
Joto la jengo huzimwa saa nne; nimevaa koti,
na kofia, na soksi za mtu mwingine.
Nukta kumi na nne: moja.
Kumi na tano: moja.
Kumi na sita: tatu. Kumi na saba: nne.
Programu hupasua, huongeza, huzungusha;
ikikuta umbo ililokwisha kuliona,
hata likija limegeuka kama kwenye kioo,
hulitupa: wewe nakujua, umebadili kilemba tu.

Kumi na tatu niliiruka. Narudi.
Sifuri.

Nadhani nimekosea amri, herufi moja imelala.
Narudia. Sifuri.
Nachukua penseli, na nyuma ya bahasha ya bili ya umeme
nachora, nafuta, nachora.
Daima hubaki nukta moja yenye majirani wanne,
imekaa kama mgeni aliyefika sahani zimeshaoshwa.
Nikiivutia jirani wa tano, mistari inapandana.

Saa kumi na moja alfajiri Agnieszka anaingia na ndoo.
"Usiku kucha, ukapata sifuri?"
Namwambia: imepiga hodi kila mlango, hakuna aliyeitika;
hii si sifuri ya mtu aliyechoka.
Haniamini. Anavua glavu, anaomba penseli.
Nje mvua ya barafu inautia mto Tay ndui.
Anachora vizuri kuliko mimi. Mara tatu anasema "karibu nipate!"
Mara ya nne anasonya.

Kwetu, namwambia, ukishindwa hutoa mji.
Anafikiri muda mrefu, maji ya ndoo yanapoa.
"Basi chukua Gdynia," anasema polepole,
kama mtu anayevua pete.

Naandika 0 kwenye jedwali, kwa wino,
naikandamiza hadi itokee ukurasa wa pili.
Kompyuta haijatoa mji.
Iko kwenye kumi na tisa.