Tetere wa Utange

Twalibu aliwaleta wamefungwa miguu kwa uzi wa nailoni,
tetere sita na kwale mmoja,
wameshachinjwa, damu imekauka shingoni.
"Wa Utange hawa, shangazi. Nimetega tangu alfajiri."
Nikampa mia tatu, akataka mia nne,
nikamwongeza hamsini na kipande cha mkate wa sinia.

Usiwatie maji ya moto.
Huyu si kuku wa Markiti.
Ngozi ya tetere nyepesi kama ganda la kitunguu,
ukiichoma maji inavuka pamoja na manyoya
na mafuta yote yanabaki kwenye beseni.
Nyonyoa kikavu, kifua kwanza,
manyoya yakuingie puani, upige chafya, uendelee.
Kisha mpitishe juu ya seredani
mpaka vinyoya vya mwisho vilie na kunyamaza.

Haya kanifundisha Bi Somoe, mama wa mume wangu,
mwaka nilioolewa Kibokoni
sijui hata kuchambua mchele.
Sasa ndiye aliyelala chumba cha ndani.
Wiki ya tatu homa haijamwacha,
uji anaurudisha, samaki anampa kisogo.
Jana akasema, mdomo umezama kwenye mto:
"Ningepata supu ya ndege mdogo."

Nikaanza na kwale. Nikampasua gole:
mbegu za nyasi, mchwa wawili, kijiwe.
Kwale mkweli. Katoka porini.

Nikampasua tetere wa kwanza.
Wali.
Punje kavu za wali, za manjano,
na mbegu moja nyeusi ya iliki.
Wa pili, wali. Wa tatu, wali,
nikanusa vidole, zafarani haijapotea.

Tangu lini tetere wa Utange akala biriani?

Kila Ijumaa ukoko na masazo huanikwa kwenye ungo,
Jumamosi Bi Somoe huyapandisha darini
na kuyamwaga kwa mikono miwili.
Tangu augue namwagia mimi,
maana akifumbua macho haulizi saa, haulizi mwanawe,
huuliza: "Wageni wangu wamekula?"

Kumbe Twalibu hakupanda gari.
Kapanda ngazi zetu.

Nilikaa juu ya kibao cha mbuzi, kisu mkononi,
nikafikiri kumtupia paka wote sita.
Lakini aliyechinjwa hafufuki kwa kuonewa haya,
na mgonjwa alikuwa akikohoa.

Basi. Thomu na tangawizi ndani ya kinu,
bizari nyembamba, pilipili manga, usizidishe.
Samli kijiko kimoja, wageuze mpaka migongo iwe hudhurungi,
maji yawafunike tu, si kuwaogesha.
Weka kifuniko, juu yake jiwe.
Moto mdogo. Tetere akiharakishwa hukasirika,
anakuwa mkavu kama kamba.
Chumvi mwisho. Ndimu nje ya moto.
Yule kwale nilimweka kando, mgumu, wa kuwakaangia watoto.

Nikamwinua kwa mito miwili.
Kijiko cha kwanza kikapita. Cha pili kikapita.
Cha tatu kabla hajapewa alikifuata kwa shingo.
Akachukua paja kwa vidole, paja lisilofika kidole chenyewe,
akalifyonza, akautazama mfupa kwenye mwanga wa dirisha.
"Wa wapi?"
"Wa Utange."
Akatafuna.
Juu darini palikuwa kimya,
kimya cha Jumamosi ambacho sikuwahi kukisikia.
Alimaliza bakuli. Akafuta mdomo kwa ncha ya leso.
"Twalibu mwambie nimemsamehe mia tatu zangu."
"Mia tatu na hamsini," nikasema,
kisha nikaona nilichokisema.

Asubuhi alitaka kupandishwa ngazi.
Tulisimama mara nne. Kwapa lake lilikuwa la baridi, homa imeshuka.
Alijaza mtama kwenye viganja vyote viwili,
akaumwaga mbali zaidi kuliko nilivyodhani angeweza,
akaegemea ukuta wa dari, akaita,
nusu ya methali tu, nusu ya pili akaimeza:

"Mgeni, njoo."