Karina ya Isevya

Kashindye amefika toka Nzega
na milioni tatu kasoro, ndani ya bahasha ya kaki.
Analizunguka gari, anabonyeza bodi kwa kidole
kama anayechagua papai.

Namwambia ukweli: mlango wa kushoto
hufunguka kwa ndani, uunyanyue kidogo.
Gia ya pili inataka subira.
Asubuhi ya baridi usikanyage mafuta;
washa, zima, hesabu hadi saba, washa tena.
Harufu hiyo ya buti ni asali ya Sikonge,
dumu lilipasuka mwaka ule wa msiba,
nyuki bado hulifuata nikiegesha sokoni.
Na kiti cha nyuma, hapo penye doa,
ndipo alipozaliwa Nyamizi,
tumebakiza kona moja kufika Kitete.

Fundi Maganga alishasema:
linakunywa oili kama mlevi wa sikukuu.
Mshahara wangu mimi naupitisha tu,
mwenyewe ni yeye.

Kashindye akairudisha bahasha mfukoni.
"Mama, wewe huuzi," akasema. "Unausia."

Kisha, kwa kuwa lilikuwa limegoma tena,
akavua koti,
tukalisukuma wawili hadi kwenye lami.