Ukingoni mwa Donda

Katikati hamna kitu, don Saturnino.
Katikati ni usaha na mambo yaliyokwisha.
Ninayemtafuta hukaa ukingoni,
pale nyama inapoinuka kama mdomo wa chungu,
pale mwili bado unabishana.

Ametoka Tahuamanu ya juu, siku mbili kwa mto,
kifundo kimefungwa kwa kipande cha gunia.
Ameshalitia majivu, petroli,
maji ya betri ya redio iliyokufa,
na usiku mmoja kijiko kilichotoka motoni.
Hakulia, asema mkewe.
Kijiko ndicho kilicholia.

"Haliumi," ananiambia,
kama anayemtetea mgeni
aliyekaa miezi mitano bila kuvunja kikombe.
Najua haliumi. Ndiyo maana nimefunga mlango.
Usubi hana hata adabu ya mbu ya kubisha hodi.
Kule milimani alikozaliwa huliita *uta*,
jina fupi, limepindwa,
na mshale wake haufiki siku ile ile.

Naosha. Nalowesha gamba kwa maji ya chumvi,
nalibandua taratibu kama stempu
ya barua ambayo sijaisoma.
Ganzi. Ngozi inatuna, inapauka.
Kisha naubana ukingo kwa vidole viwili
hadi damu irudi nyuma,
kwani damu ni shahidi mpayukaji:
hujaza ukurasa mzima, isiseme neno.

Wembe namba kumi na tano.
Sikati. Nakwangua,
kama mtu atafutaye bei ya zamani
chini ya rangi mpya ya ukuta wa duka.
Kinachopatikana ni tope la waridi,
halitoshi kuchafua ukucha.
Nalipaka kiooni, duara moja, na jingine kando,
na kwa penseli: tarehe, S. C., mguu wa kushoto.

"Mtu mzima anaenea hapo?"

Mvua inapiga bati. Jenereta inakohoa, inakumbuka kazi yake.
Rangi ya zambarau inahitaji dakika ishirini,
nasi hatuna la kuzungumza ila mvua.

Tone la mafuta. Lenzi ya mia.
Uwanja wa kwanza, mtupu.
Wa pili, takataka za rangi zinazojifanya kitu.
Wa tatu, wa sita, shingo inaniuma.
Wa kumi na moja: seli kubwa, imetanuka,
na ndani yake vidude vya mviringo,
kila kimoja na kiini, na kando ya kiini kijiti,
kama herufi iliyoshindwa kukaa peke yake.

"Nitazame?"
Miaka thelathini ya magunia imeshamkunja;
hahitaji kuinama.
Anafumba jicho, kimya, muda mrefu.
Kisha: "Ni ganda la kastanya. Limepasuliwa panga,
kokwa zimo, zimebanana."
Anahesabu kwa midomo. "Kumi na nane. Hili zito."
Ndiyo sauti yake ya kazini.
Sikuwa nimeisikia.

Sindano ishirini, namwambia, siku ishirini.
Anahesabu tena, safari hii sivyo vya kwenye kioo:
kastanya zinazoangukia matope,
deni la mchele kwa Ormeño,
mtoto wa kiume anayebeba nusu gunia.
"Haiwezi kungoja Machi?"
Namweleza habari ya pua,
jinsi kitu hiki kinavyohama, miaka baadaye, kimyakimya,
kikaanza kula nyumba kutokea mlangoni.
Anajigusa pua. Anaushusha mkono haraka,
kama aliyeshikwa akiiba.

"Basi nitaona," anasema. Sijui ataona nini.

Nafunga bandeji. Naandika.
"Na kile kioo?"
Kinabaki hapa, kwenye kasha, safu ya nne.
"Changu, au chenu?"

Fomu ina mistari thelathini na miwili.
Naitazama yote.
Yeye anavaa kiatu cha kulia,
cha kushoto anakichukua mkononi,
na mlangoni anasimama kidogo kupima mvua.